Mkono wa kulia unakata samaki: uzoefu wangu na What Remains of Edith Finch

Gemu hii nimeimaliza mara tatu. Mara ya kwanza peke yangu, usiku, hapa Igogo, Mwanza. Mara ya pili na mdogo wangu wa kike. Mara ya tatu mama alikuwa ameketi nyuma yangu anachambua mchele kwenye ungo. Ningeandika mapema zaidi, lakini kila nilipoanza nilijikuta nasimulia habari za kiwanda cha samaki nilichowahi kufanya kazi badala ya gemu, nikafuta. Nimekubali kwamba kwangu mambo hayo mawili hayaachani, kwa hiyo nitayaeleza pamoja.

Gemu yenyewe inaitwa What Remains of Edith Finch. Imetengenezwa na kampuni ya Giant Sparrow ya Marekani, Ian Dallas akiongoza ubunifu, ikatolewa Aprili 2017 na Annapurna Interactive. Mwaka 2018 ikashinda BAFTA, tuzo ya Uingereza, ya gemu bora. Niliinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, bei yake ya kawaida ni dola 19.99, ila hushushwa mara kwa mara, nami nilisubiri ishuke kisha nikalipa kwa kadi ya mtandaoni ya pesa za simu. Nikaipakua kwa bando la usiku, kwenye kompyuta ya mezani niliyoiunganisha mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika. Inacheza vizuri, ila nilishusha kidogo ubora wa picha.

Kwa waliozoea vibanda vya gemu vya huku kwetu, ambako mechi ikiisha aliyefungwa anampisha mwenzake pedi (kile kifaa cha vitufe cha kuchezea): humu hakuna mechi. Humpigi mtu, hukimbizwi, huhesabiwi pointi. Unatembea ndani ya nyumba, unafungua daftari la mtu aliyekufa, na ukianza kulisoma unajikuta wewe ndiye yeye, siku yake ya mwisho. Kuna kijana huja dukani kwangu Makoroboi, ninakotengeneza simu. Alitazama dakika tano akaniuliza, "Sasa kaka, hapa unashindaje?" Swali la haki. Hata huko gemu hizi zinakotoka wapo wachezaji wengi wanaozidharau, wanasema ni za kutembea tu. Siku ile sikuwa na jibu. Nilimpa pedi nikamwambia acheze kisa cha Calvin, yule mtoto wa bembea aliyetaka kuzunguka duara zima. Ni kisa kifupi sana, dakika chache tu za kusukuma miguu mbele na nyuma. Alipomaliza alikaa kimya, halafu akauliza yule mtoto alikuwa na miaka mingapi. Kumi na mmoja, nikamwambia. Akarudisha pedi akaondoka. Kesho yake alirudi kuuliza kama kuna visa vingine.

Vipo, na vyote ni vya ukoo mmoja. Edith ana miaka 17, mama yake amefariki na kumwachia ufunguo, naye anarudi kwenye nyumba ya familia katika kisiwa cha Orcas, jimbo la Washington. Watu wa ukoo wa Finch wanaaminika kuwa na laana, maana wengi wao hufa kabla ya wakati. Mwaka 1937 mzee Odin, aliyekuwa amefiwa na mke na mtoto, aliondoka Norwei akasafiri baharini na nyumba yake nzima. Ilizama karibu kabisa na ufuko, naye akazama nayo. Binti yake Edie akaokoka, pamoja na mumewe na mtoto wao mchanga. Walipofika nchi kavu, kitu cha kwanza kujenga kilikuwa makaburi, kisha ndipo wakajenga nyumba.

Nyumba hiyo ndiyo uwanja wako. Kila aliyekufa, chumba chake kimeachwa vilevile kama alivyokiacha. Dawn, mama yake Edith, aliiziba milango yote ili watoto wake wasiyajue hayo mambo. Edie, bibi kizee, akatoboa vitundu kwenye milango hiyohiyo ili watu waendelee kuchungulia. Edith anapita njia za siri nyuma ya kuta, chumba hadi chumba, na kila kisa kikiisha anamchora mhusika katika mti wa ukoo kwenye daftari lake. Hakuna visa viwili vinavyochezwa kwa namna moja. Molly, mtoto aliyelala na njaa, anageuka paka, bundi, papa. Barbara anasimuliwa kwa kurasa za jarida la katuni za kutisha. Walter aliishi chini ya ardhi miaka mingi kwa hofu, akila chakula cha kopo. Maneno ya Edith yanaelea hewani mbele yako, yanabandikwa ukutani, yanapeperushwa na upepo. Unayafuata kama njia.

Sasa nifike kwa Lewis, maana ndiye aliyenifanya niandike. (Usiyetaka kuharibiwa kisa hiki ruka aya nne zinazofuata.)

Baada ya kidato cha nne nilifanya kazi miaka miwili katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Gambuti nyeupe, aproni, kofia ya kufunika nywele, kisu. Samaki anakuja mbele yako akiwa na baridi ya barafu, unapitisha kisu nyuma ya kichwa, unashuka na mgongo, mnofu wa kwanza. Unamgeuza, mnofu wa pili. Panki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki, unalisukuma kando, na mwingine ameshafika. Wiki ya kwanza mkono unauma mpaka huwezi kushika kijiko. Mwezi wa tatu mkono unajua kazi kuliko wewe, na hapo ndipo kichwa kinapobaki bila kazi. Mimi nilikuwa najenga nyumba. Kweli, chumba kwa chumba, juu ya mawe ya Bugarika, dirisha la sebuleni likitazama ziwa. Nilijua sakafu ina rangi gani. Siku moja msimamizi alinigusa bega kuniambia zamu imekwisha, na sikukumbuka samaki hata mmoja wa siku ile.

Lewis, kaka yake Edith, anakata vichwa vya samaki kiwandani. Kisa chake kinasimuliwa kwa barua ambayo daktari wake wa akili alimwandikia mama yake. Na hapa wabunifu wamefanya jambo ambalo sijaliona kwenye gemu nyingine yoyote niliyoicheza. Kidole gumba cha kulia kinamvuta samaki, kinampeleka kwenye kisu, kinamtupia kwenye mkanda. Wakati huohuo kidole gumba cha kushoto kinamwongoza mtu mdogo anayetembea ndani ya njia finyu kwenye kona ya picha: hayo ni mawazo ya Lewis. Mwanzoni unahangaika. Ukitazama samaki, mtu wako anagonga ukuta. Ukimtazama mtu wako, samaki wanarundikana. Baada ya muda mkono wa kulia unazoea. Ile picha ya mawazo inakua, inapata rangi, inapata mji, watu wanaimba, unapanda mashua, na inazidi kukifunika kiwanda mpaka hukioni kabisa. Lakini samaki hawajaacha kuja. Unamsikia tu, unamshika, unamvuta, kisu kinapita, unamtupa, bila kumtazama.

Nilipogundua kwamba kidole changu kinaendelea kukata bila mimi, nilishika pedi huku nalia. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza ile hali, na mimi mwenyewe sikuwahi kumweleza mtu, kwa sababu ningesema nini? Kwamba nilikuwa kazini na sikuwepo? Hawa watu wameiweka kwenye vidole vya mchezaji. Ukimsimulia mtu kwa mdomo ataitikia kwa adabu. Ukimpa pedi, ataifanya.

Mwisho wake ni mzito. Lewis anafika mahali anamdharau yule mtu anayesimama kiwandani, anaona mtu wa kweli ni yule mfalme wa mawazoni, na kisa kinaishia kwenye kifo cha kujitakia. Hakionyeshwi kwa damu, lakini kinaeleweka. Kama nyumbani kwenu mmewahi kufiwa kwa namna hiyo, usikicheze peke yako. Na kisa cha mtoto mchanga Gregory kwenye beseni la kuogea, mzazi mwenye mtoto mdogo akipite akijua anakokwenda. Mdogo wangu, ambaye ana mtoto wa mwaka mmoja, alitoka nje pale, akarudi baadaye.

Mama je? Mama hajui Kiingereza, nilikuwa natafsiri kwa sauti huku natembea. Alitulia na mchele wake mpaka tulipofika dirishani, pale unapoiona nyumba ya zamani ya Odin imejitokeza majini, imeinama. Akaacha kuchambua. "Mwanangu, kwa nini wamejenga mahali wanapoiona kila siku?"

Sikuwa nimejiuliza. Nilicheza mara mbili nikaona ile nyumba ni pambo la mandhari tu. Mama ametoka Ukerewe. Mdogo wake alizama na mtumbwi wakati wa tufani, mimi sijazaliwa, na nyumbani kwetu hatajwi. Niliyajua haya kwa bibi, ambaye yeye husimulia kila tukimtembelea, mpaka alikuwa amevaa shati gani. Mwanza wengi tunaishi hivyo. Miji ya ziwa ina ajali ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996, ina ya MV Nyerere ya mwaka 2018, na katika familia moja utakuta anayesimulia na anayenyamaza. Nilikuwa nimemwona Dawn kama mtu mbaya anayeziba milango. Mama alimwelewa kabla hata sijamaliza kutafsiri. "Huyo alikuwa anawalinda wanawe," akasema, na baada ya muda, "lakini yule bibi kizee naye hana kosa." Jioni ile alimtaja mjomba kwa jina mara mbili. Gemu haikulazimishi kuchagua kati ya wanawake hao wawili, na nadhani ndiyo sababu mama aliweza kukaa nayo hadi mwisho.

Baada ya hapo nilitafuta nyingine za namna hii. Firewatch ya Campo Santo, ya mwaka 2016, niliipenda sana kwa saa tatu za kwanza. Wewe ni Henry, mlinzi wa moto katika msitu wa Shoshone, Wyoming, kiangazi cha mwaka 1989, umekimbia nyumbani ambako mkeo ameanza kupoteza kumbukumbu akiwa bado si mzee. Mwenzako ni sauti tu, Delilah, kwenye redio ya mkononi, nawe unachagua utamjibu nini au unyamaze. Njia unaitafuta kwa ramani na dira, na nilipotea kwelikweli, jambo lililonifurahisha. Wachezaji wengi wameulalamikia mwisho wake kwamba fumbo linakuwa kubwa halafu linapungua ghafla. Naungana nao kuhusu fumbo. Ila yale mazungumzo ya redio ningeyarudia kesho.

Gone Home ya mwaka 2013 ni dada mkubwa wa hizi zote: nyumba tupu huko Oregon, usiku wa mvua na radi mwaka 1995, barua ya mdogo wako mlangoni. Ni nzuri, lakini kwangu kufungua droo baada ya droo kulichosha, na wahusika nilibaki kuwasoma tu. Sikuwa wao hata mara moja. Outer Wilds ya mwaka 2019 bado naicheza. Humo jua hulipuka kila baada ya dakika 22 na unaanza upya ukiwa na kile ulichojifunza tu. Nitaiandikia peke yake.

Tukirudi kwa Edith, kasoro zipo. Ni fupi: saa mbili, mbili na nusu ukizubaa. Kwa dola 19.99 mtu wa kipato chetu ana haki ya kusita, na kwa bei ile kamili nisingeinunua. Edith anatembea polepole na huwezi kumharakisha; mara ya tatu nilihisi hilo. Katika baadhi ya visa huelezwi kabisa utumie kitufe gani, unabahatisha. Mimi naona kubahatisha huko kunafaa kwa kisa cha Lewis, lakini kwa Molly kulimkatisha tamaa mdogo wangu, ambaye pedi si kitu chake.

Kinachoniuma zaidi ni lugha. Haina Kiswahili, na katika gemu ambayo maneno yenyewe yamejengwa ndani ya kuta, asiyejua Kiingereza anapoteza zaidi ya nusu. Kutafsiri kwa mdomo kunasaidia, ila unachelewa, sentensi inatoweka hewani kabla hujaimaliza. Kwa hiyo nimeanza kuiandika kwa Kiswahili kwenye daftari la kaunta, kisa kwa kisa, ili mama akitaka kuirudia nisome kwa utulivu. Lewis nilimwanza wa kwanza. Sasa nipo kwa Walter, na ukurasa wa mwisho wa daftari mdogo wangu amechora mti wa ukoo wetu, upande wa Ukerewe. Mjomba yumo.