Kumpumzisha paka wangu kliniki: simu ya siku moja kabla ndiyo iliyonibeba

Wiki tatu zimepita tangu nilipompeleka paka wangu Kito kwa daktari wa mifugo kwa mara ya mwisho, adungwe sindano ya kumaliza maisha yake bila kuteseka, na leo ndiyo nimepata nguvu ya kuandika. Alikuwa na miaka 15 na figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi. Anakunywa maji kutwa, anakojoa kutwa, na kila nikimbeba namwona amezidi kuwa mwepesi. Mifupa ya mgongo niliweza kuihesabu kwa kidole.

Kilichonitesa zaidi ni kuchagua siku. Daktari alinipa karatasi ya alama iliyotungwa na Alice Villalobos, daktari wa wanyama wa Marekani. Unapima mambo 7: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri bado ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo lina alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 maisha yake bado yanavumilika. Niliijaza jioni 5 mfululizo. Ya kwanza nilipata 33, ya tano 21. Hapo nikampigia daktari.

Siku moja kabla ya miadi alinipigia mwenyewe. "Dada, uliza yote leo. Kesho nataka umwangalie Kito tu, usiniangalie mimi." Akanieleza kwamba sindano ya kwanza ni ya kumlaza usingizi. Akishalala fofofo ndipo huingizwa pentobarbitali, dawa kali ya usingizi, mshipani, kwa kipimo kikubwa: fahamu hupotea kwanza, kisha pumzi, kisha moyo. Akaniambia macho hayatafumba. Kwamba anaweza kuvuta pumzi moja au mbili hata moyo ukiwa umesimama, misuli ikacheza, mkojo ukatoka, na hayo yote yeye hayasikii. Pia kwamba paka aliyekaukiwa maji mshipa wake ni taabu kuupata, kwa hiyo nisishtuke akijaribu mguu mwingine.

Na kweli, mguu wa kwanza ulishindikana. Bila ile simu ningepiga kelele. Nilikuwa nimemlaza juu ya shuka langu ambalo sikulifua makusudi, ili anuse harufu ya nyumbani. Baada ya sindano ya kwanza alisogeza kidevu hadi kwenye kiwiko changu, akakiegemeza hapo, ncha ya ulimi ikabaki nje. Mashine ikanyoa kipande kidogo cha mguu wa pili. Ngozi ya chini ilikuwa ya waridi, sikuwahi kuiona miaka yote ile. Daktari akasikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Pole, dada. Moyo umesimama." Pumzi moja ikamtoka baada ya hapo, nami nilikuwa nimeshaambiwa.

Kwa daktari sina neno ila shukrani. Mapokezi ndiyo waliniumiza. Nimembeba Kito kwenye shuka, nikasimamishwa dirishani nitie saini na kulipa, watu na watoto wa mbwa wao wakinitazama. Fomu ya ridhaa na malipo vilipaswa kumalizwa kabla hatujaingia, na mlango wa nyuma upo, niliuona. Ukienda, dai hayo mapema, na omba miadi ya mwisho ya siku.

Mimi nilimzika. Kama nawe utazika, chimba shimo refu hasa, kwa sababu ile dawa hubaki mwilini, na mbwa au ndege akifukua na kula anaweza kufa. Kama huna pa kuchimba, waulize kuhusu kuteketeza mwili.

Yale manyoya yaliyonyolewa niliyaomba. Muuguzi akayaokota mezani moja moja, akanitilia kwenye bahasha ndogo. Yaombe kabla hawajafuta meza.