Haidroklorothayazaidi: dawa ya presha iliyomletea mama maruweruwe

Maoni haya yanahusu vidonge vya haidroklorothayazaidi vya miligramu 25, ambavyo mama yangu mwenye umri wa miaka 74 alianzishiwa hapa Tabora mwezi Oktoba kwa ajili ya presha. Kwa kazi yake hasa sina malalamiko: dawa hii huzifanya figo zitoe chumvi na maji kwa njia ya mkojo, bei yake ni nafuu, na uvimbe wa miguu ulipungua mapema.

Katika wiki ya pili nilimkuta jioni akitandika mkeka chini ya mwembe. "Mwanangu, wape maji wageni, wamesimama muda mrefu," aliniambia, ilhali uani hapakuwa na mtu. Usiku alizungumza na marehemu dada yake kwa sauti ya kawaida kabisa, akinyamaza kila mara kusubiri jibu. Majirani, kwa nia njema, walisema ni mizimu, na mmoja alikwisha kututajia mganga.

Hospitalini daktari aliuliza kwanza dawa anazotumia, jambo ninalomshukuru hadi leo, kisha akaagiza damu ipimwe. Sodiamu, yaani chumvi iliyomo kwenye damu, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 135 na 145, ilikuwa 118. Alitueleza kwamba dawa za kundi hili zinaweza kuishusha chumvi hiyo, hasa kwa wanawake wazee na mara nyingi katika wiki za mwanzo, na kwamba ikishuka sana ubongo huvimba, mtu akachanganyikiwa, akaona maruweruwe, hata akapata degedege. Maji mengi aliyokuwa akinywa kwa sababu ya joto yalizidisha tatizo. Dawa ilisimamishwa na chumvi ikarudishwa taratibu, kwa kuwa kuipandisha haraka nako huudhuru ubongo. Siku ya nne mama aliuliza nani ameacha mkeka nje.

Lawama yangu ni kwa duka la dawa tuliponunua. Tulipewa vidonge katika bahasha ndogo iliyoandikwa "1x1", bila kuulizwa umri wa mgonjwa wala kuambiwa arudi kupimwa damu. Daktari alipojaza fomu ya kuripoti madhara kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nafasi ya namba ya toleo la dawa ilibaki wazi, kwa sababu bahasha ile haikuwa nayo.