Mashine ya kuparua mgomba: bamba limechomelewa!

Kilichonikera kuliko vyote ni bamba. Mashine ya kutoa nyuzi za mgomba ina ngoma yenye visu butu, na mbele yake bamba la chuma ambapo ganda, yaani tabaka la shina la mgomba, hupita likiparuliwa. Nafasi kati ya kisu na bamba ndiyo kazi yote. Hii niliyonunua bamba lake limechomelewa! Hakuna bolti, hakuna namna ya kulisogeza hata unywele.

Nimeipima nafasi: milimita 4. Inauzwa kuwa ya mkonge na mgomba kwa pamoja, na kosa limeanzia hapo. Jani la mkonge ni gumu. Ganda la mgomba ni laini, nene katikati na jembamba kama karatasi kingoni, linataka milimita 2 au pungufu. Kwa 4, nyama inabaki kwenye nyuzi, ikikauka inashika kama gundi na hazichaniki tena. Ukilirudisha ganda mara ya pili, nyuzi zilizolegea zinajisokota kwenye ngoma na kuvuta mkono. Mdomo wa kulishia hauna kinga! Hilo halivumiliki.

Nilipompigia muuzaji akajibu, "Mama, migomba yenu ndiyo ina maji mengi." Mgomba gani hauna maji? Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za shina ni maji. Anauza mashine ya mgomba na mgomba wenyewe haujui.

Tukalikata bamba kwa grainda, fundi wa mtaani akalitia masikio mawili yenye matundu marefu, likafungwa kwa bolti nne. Haki isemwe: baada ya hapo ilifanya kazi vizuri sana. Ganda la sentimita 80 unalilisha nusu, unalivuta, unaligeuza upande wa pili, na nyuzi zinatoka nyeupe, zinang'aa. Maganda ya nje tenga kwa kamba na mikeka, ya ndani ndiyo ya kitambaa, moyo wape ng'ombe. Shina likatwe na kuparuliwa siku hiyohiyo, nyuzi zioshwe papo hapo kabla utomvu haujakauka. Kilo 100 za shina zikikupa kilo moja kavu, shukuru.

Nilikuwa tayari kuisifu. Halafu rangi ya ngoma ikabanduka. Chini yake chuma cha kawaida, na kutu ikikutana na utomvu wa mgomba inatoa weusi kama wino. Fungu zima la nyuzi za ndani, zile bora, limeingia madoa ambayo hata kuchemsha kwa magadi hakuyatoi.

Kwa hiyo hapana, kwa bei ile siipendekezi. Au inunue ukiwa na fundi wako, na udai ngoma na visu vya chuma kisichoshika kutu kabla hujalipa. Kwa sasa ngoma inaoshwa kila jioni na kupakwa mafuta ya kupikia, na asubuhi yanapitishwa kwanza maganda ya nje matatu manne ya kutupa, ya kuifuta.