checkpatch.pl kwenye pachi za draiva: nzuri, ila isikulevye

Nimeitumia hii skripti kitambo sasa, maana kazi yangu kubwa ni kupitia pachi (mabadiliko ya msimbo ambayo watu wanatuma) za draiva za Linux, yaani programu zinazoendesha vifaa, kabla hazijapokelewa, kwa hiyo sifa zake nazijua na vituko vyake pia. Kwa asiyeijua ni skripti ya Perl, inakaa kwenye folda ya scripts ndani ya kerneli (kiini cha Linux) yenyewe, hulipii wala huhangaiki kuinstoli, unaipa pachi inakutemea makosa ya uandishi.

Kwenye vitu vidogo vidogo iko vizuri mno aisee. Spesi zimebaki mwishoni mwa mstari, mabano yamekaa ndivyo sivyo, mtu kasahau Signed-off-by (mstari wa kuthibitisha ana haki ya kuituma pachi), mstari umezidi herufi 100 (kabla ya 2020 ukivuka 80 tu ilikuwa inalalamika), yote inaona fasta. Hata ukiweka ujumbe wa kwamba memori imeisha baada ya kmalloc (ombi la memori) kufeli, inakwambia hauna haja nao, na kweli, kerneli inakuwa imeshapiga kelele yenyewe. Raha yake ni kwamba hubaki unabishana na mtu kuhusu spesi mpaka ukifika kwenye msimbo wenyewe umeshachoka.

Shida ni watu kuigeuza cheti. Anaona "total: 0 errors, 0 warnings" basi kwake pachi imeiva. Haijaiva bana! Chukua hii ambayo hujirudia sana: probe (inayoitwa draiva ikianza kushika kifaa) inawasha kloki ya kifaa, yale mapigo yanayokiendesha, kwa clk_prepare_enable, inaomba intarapti (ishara kifaa inayoituma kuita msaada) kwa devm_request_irq, halafu remove (inayoitwa draiva ikikiachia kifaa) inazima kloki na kuondoka. Mistari yote misafi, skripti haina neno. Ila vitu vya devm, vile ambavyo kerneli inaviachia yenyewe, vinaachiwa remove ikishamaliza, yaani hapo katikati kloki imezimwa na hendla ya intarapti (msimbo unaoijibu) bado iko hai, intarapti ikiingia muda huo hendla inaenda kusoma rejista za kifaa kisicho na kloki na kwenye chipu nyingi mashine inaganda hapo hapo. Na usiniambie umezima intarapti kwenye kifaa chako, kama laini ya intarapti inatumiwa na kifaa kingine hendla yako itaitwa tu. Dawa yake fupi, tumia devm_clk_get_enabled kabla ya kuomba intarapti, sababu devm inafumua kwa kurudi nyuma, kilichoombwa mwisho kinaachiwa kwanza.

Skripti haiwezi kuona hilo na siilaumu, inasoma maandishi kwa kulinganisha tu, haielewi nani anamwita nani. Ndo maana mimi nikishaipitisha naenda na sparse (kikaguzi cha msimbo wa kerneli) kwa make C=1, hiyo inakamata mtu aliyechanganya pointa ya __iomem (anwani ya rejista za kifaa) na pointa ya kawaida, au kasahau kugeuza mpangilio wa baiti. Halafu naomba mwenye pachi aiendeshe kwenye kerneli iliyojengwa na chaguo la CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, hiyo haina aibu, hendla ikijaribu kulala (kusubiri mahali pasiporuhusiwa) inaanikwa kwenye logi. Na kwa laini zinazochangiwa kuna CONFIG_DEBUG_SHIRQ, inakurushia intarapti ya uongo kabla tu hendla haijaondolewa, ule mfano wa kloki hapo juu hautoki salama.

Kwa ujumla naipa nyota nne. Ya tano inaliwa na --strict (ukaguzi mkali zaidi), hiyo saa nyingine inachokonoa hata pale msimbo unaposomeka vizuri tu, na hao wageni wanaoiendesha kwa -f (kukagua faili zima badala ya pachi) juu ya draiva ya miaka kumi iliyotulia halafu wanatuma pachi za kupanga mistari upya. Git blame (inayoonyesha nani aligusa mstari upi) inavurugika na siku ya kurudisha marekebisho kwenye matoleo ya zamani pachi inagoma kuingia. Ukitaka kujifunza kwa kusafisha nenda drivers/staging (folda ya draiva ambazo bado hazijakomaa), huko wanapokea.