Celica za 1989 hadi 1993: ipi ununue, ipi uiache

Pasaka ya 1993, Toyota ilifagia nafasi zote nne za mwanzo za Safari Rally. Juha Kankkunen wa kwanza, Markku Alén wa pili, kisha Ian Duncan na Yasuhiro Iwashita, wote ndani ya Celica Turbo 4WD. Mwaka uliofuata Duncan akashinda mwenyewe, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo tangu Shekhar Mehta mwaka 1982. Ukitaja Celica mbele ya fundi wa Nairobi aliyekuwa kijana wakati ule, ataweka spana chini kwanza mzungumze.

Mapenzi hayo ndiyo yanayowaponza wanunuzi. Mtu anaona taa za mbele zikiinuka, mkia wa duara, beji ya GT-Four, ile yenye turbo, anatoa pesa kabla hajachungulia chini ya gari. Mimi nasema hivi: katika kizazi hiki cha tano cha Celica, kilichotoka Japani Septemba 1989, nunua injini ambayo fundi wa mtaa wako tayari anaijua. Beji ije baadaye.

Nafasi ya kwanza: ST182 yenye injini ya 3S-GE

ST182 ni msimbo wa chesisi, 3S-GE ni jina la injini. Hii ni lita 2.0, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, haina turbo. Kichwa cha injini kilitengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha, na kwa soko la Japani inatoa nguvu za farasi 165. Kwa gari la uzito huu zinatosha kabisa kukufurahisha kwenye mteremko wa Mai Mahiu au barabara ya Lushoto. Inapenda kuzungushwa, ukivuka mizunguko 5,000 inabadilika sauti na kuvuta kwa namna ambayo injini ya Corona ya kawaida haiijui.

Tafuta yenye gia za mkono. Sikiliza gia ya pili unapoiingiza ukiwa kwenye mwendo: ikikwaruza, giaboksi inataka kufunguliwa, nawe upunguze bei. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kama muuzaji anababaika, hesabu kwamba haujabadilishwa, na uubadilishe pamoja na pampu ya maji kabla hujaenda safari yoyote.

Jihadhari na jina moja. Japani waliuza Celica yenye beji ya GT-R ndani ya kizazi hiki. Haina turbo wala haina uhusiano na gari la Nissan lenye jina hilo. Ni 3S-GE hiihii, ila baadhi zimeongezewa mfumo wa magurudumu ya nyuma kukata kona. Mfumo huo ukiharibika spea zake ni taabu kuzipata. Kibao cha chesisi kikisoma ST183 badala ya ST182, gari lina mfumo huo. Mimi singelichukua.

Nafasi ya pili: ST182 yenye 3S-FE

Kama unataka gari la kwenda nalo kazini kila siku, iweke hii iwe ya kwanza na usinisikilize mimi. 3S-FE ni injini ileile iliyofungwa kwenye Corona, Carina, Caldina na RAV4 za kwanza. Grogan pale Nairobi au Gerezani Dar es Salaam, spea zake hazihitaji kuagizwa. Haina moto wa 3S-GE, lakini inavumilia uzembe.

Wanaoishi Marekani na Kanada watakutana na GT na GT-S zenye lita 2.2, injini ya 5S-FE, ambayo pia iko kwenye Camry. Hesabu ni ileile. Ile ndogo ya lita 1.6, inayoitwa ST huko, ni nyepesi na haili mafuta, ila mlimani itakuchosha.

Usahili huu wa spea una historia.    Celica yenyewe ilizinduliwa Desemba 1970 pamoja na Carina, ikapewa jina la Kilatini lenye maana ya mbinguni. Vizazi vitatu vya mwanzo vilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwaka 1985 Toyota wakageuza kila kitu: Celica ikawa ya kuvutwa na magurudumu ya mbele, juu ya msingi mmoja na Corona na Carina. Wapenzi wa mbio walilalamika sana. Lakini uamuzi huohuo ndio unaokuwezesha leo kutengeneza gari la michezo lenye miaka zaidi ya thelathini kwa vitu vya Carina ED na Corona EXiV, ambazo ni ndugu zake wa damu.

Nafasi ya tatu: GT-Four, ST185

Naipenda kuliko zote, na bado naiweka hapa. Injini ya 3S-GTE, turbo, nguvu za farasi 225 Japani, na magurudumu yote manne yanavuta. Marekani iliitwa All-Trac Turbo, ikiwa na farasi 200. Hili ndilo gari lililompa Carlos Sainz ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1992, Kankkunen 1993 na Didier Auriol 1994.

Kulikagua kunataka subira. Liwashe likiwa baridi, liache lingurume hadi lipate joto, likae dakika tatu au nne, kisha kanyaga mafuta ghafla huku mwenzako akitazama eksozi. Moshi wa buluu ukitoka, huenda turbo inavuja oili. Turbo za CT26 pia hupata nyufa upande wa moto, kwa hiyo usiridhike na kuisikia ikipiga mluzi tu. Baada ya hapo zungusha usukani hadi mwisho na utembee taratibu kwenye duara. Gari likijikaza kama limeshikwa breki, kiunganishi cha katikati, kinachoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, kimekufa. Mara nyingi kinauawa na tairi zisizolingana: mbili mpya mbele, mbili kipara nyuma. Tazama tairi zote nne kabla hujatazama kitu kingine.

Ile ya toleo maalumu, inayoitwa RC Japani na Carlos Sainz Ulaya, zilitengenezwa 5,000 ili gari liruhusiwe mashindanoni. Bei yake ni ya wakusanyaji, na stika ni rahisi kubandika. Niliwahi kupelekwa kuona moja ambayo muuzaji aliapa ni Sainz halisi, namba ya toleo ikiwa imebandikwa kwenye dashibodi. Nikafungua boneti. Intakula, kile kifaa cha kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, iliyokuwa juu ya injini ilikuwa ya kupozwa kwa hewa, mapezi yake yamejaa vumbi jekundu, na hapakuwa na hata mpira mmoja wa maji ulioingia ndani yake. Ya Sainz hupozwa kwa maji. Ilikuwa GT-Four ya kawaida, nzuri tu, ila imewekewa bei ya kitu kingine.

Kabla ya kulipa, yoyote uliyochagua

Kutu ndiyo adui mkubwa kuliko injini. Pitisha sumaku ndogo juu ya matao ya magurudumu ya nyuma; mahali inapokataa kushika, kuna puti chini ya rangi. Inua zulia la buti na uguse chuma kwa vidole. Washa na uzime taa za mbele mara tano: moja ikichelewa kuinuka, mota yake inachoka, na si kila duka linayo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, hivyo utanunua lililomo nchini tayari. Tanzania bado inawezekana kuagiza, ila ushuru wa uchakavu uupigie hesabu mapema, kwani unaweza kukushtua kuliko bei ya gari. Kwa gari lililomo nchini, soma namba ya injini kwenye chuma chenyewe, uilinganishe na iliyoandikwa kwenye logibuku. Nyingi zimebadilishwa injini kwa miaka yote hii. Si kosa badiliko hilo likiwa limesajiliwa; lisiposajiliwa, mwambie muuzaji alisahihishe kwa jina lake, kisha ndipo umpe pesa.