Kalamu Inayosoma kwa Sauti: Tathmini Baada ya Muhula Mmoja Darasani

Kalamu hii haiandiki. Nchani ina kamera ndogo ambayo mwanafunzi huipitisha juu ya mstari uliochapishwa, kisha kifaa huyatambua maneno na kuyatamka kupitia vipokea sauti vya masikioni, hata jirani wa dawati asisikie kitu. Niliitumia muhula mzima na wanafunzi wenye disleksia, yaani wale ambao ugumu wao mkubwa ni kuoanisha herufi na sauti zake, ingawa wakisomewa hadithi huielewa na kuijadili sawa na wenzao, na pengine kuwashinda.

Kwao faida ilionekana mapema. Mvulana aliyezoea kuomba ruhusa ya kwenda msalani kila kipindi cha ufahamu kilipoanza alibaki mahali pake, akikisikiliza kifungu kwa kasi yake na kurudia sentensi mara tatu au nne bila ya kumbembeleza mtu. Katika sayansi na historia, ambako tunapima maarifa wala si ustadi wa kusoma, majibu yake yalirefuka, na makosa yake yakawa ya kawaida kama ya mwanafunzi yeyote. Kwa sababu hiyo hiyo kalamu haifai katika jaribio la kusoma, kwa kuwa alama zitakazopatikana zitakuwa za kalamu. Vipindi vya kutenganisha silabi na kutofautisha b na d niliviendeleza kama zamani, kwani kifaa humsomea mtoto lakini hakimfundishi kusoma.

Kasoro zipo, na baadhi si ndogo. Mwandiko wa mkono huishinda, hivyo maelezo ya mwalimu daftarini hayaguswi kabisa. Majedwali huyavuruga, na penye mkunjo wa kitabu kinene maneno ya pembeni humezwa. Mwanafunzi ambaye mkono wake hautulii hupotea mstari na kusomewa nusu ya maneno ya juu na nusu ya chini. Anayetumia mkono wa kushoto sharti abadilishiwe mpangilio kwanza, jambo nililoligundua baada ya kumlaumu binti wa watu kwa siku mbili nzima.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba aina niliyoijaribu haina sauti ya Kiswahili. Husoma kila neno kwa matamshi ya Kiingereza, na siku ilipokutana na "ng'ombe" darasa zima lilicheka, ila yule aliyekuwa akiitegemea. Mwalimu wa Kiswahili hana sababu ya kuinunua. Mwalimu anayefundisha somo lake kwa Kiingereza anayo.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu kuijaribu kwenye kitabu kile kile ambacho wanafunzi wako wanakitumia, maana karatasi safi ya maonyesho hailingani na ukurasa uliokwisha kupita katika mikono ya madarasa mawili matatu.