Kioo cha moto, ndoo ya maji baridi: uzoefu wangu wa kuziba donda la jiwe Dodoma

Fundi wa vioo akisogeza ndoo ya maji karibu na gari lililotoka juani, mzuie. Mshike mkono ikibidi. Naanza na hili kwa sababu ndilo lililoniulia kioo kizima cha mbele katika duka moja la vioo vya magari hapa mjini Dodoma. Jina silitaji, ila hasira bado ninayo.

Donda lenyewe, yaani alama iliyopasuliwa na jiwe kwenye kioo cha mbele, lilikuwa dogo. Kokoto ya lori, barabara ya Singida, kabla hujafika Bahi. Wanaopita njia ile nyuma ya semi-trela wanajua sauti yake. Kiduara cha milimita 8 hivi, chenye miguu mitatu mifupi kama nyota, mguu mrefu kuliko yote haufiki sentimita moja na nusu. Lilikuwa upande wa abiria, shubiri mbili kutoka ukingoni. Hilo ni donda la kuziba, halina mjadala. Nasema hivyo kwa sababu kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja karibu milimita 2, vimegandishwa na plastiki laini katikati. Jiwe la barabarani kwa kawaida hupasua kile cha nje tu. Plastiki ikiwa salama na kioo cha ndani kikiwa kizima, pale nje kuna uwazi uliojaa hewa, na hewa hutolewa ikajazwa gundi. Vioo vya milangoni, kwenye magari mengi, havina habari hiyo. Vile ni vya aina nyingine, vikipigwa vinamwagika punje punje, hakuna cha kuziba.

Ukitaka kuamua mwenyewe kabla hujaenda kwa fundi, ingia ndani ya gari, pitisha ukucha nyuma ya donda. Ukucha ukikwama, kioo cha ndani nacho kimeguswa, hapo ni kubadilisha. Toka nje, pima. Donda la duara lisizidi milimita 25, upana wa kidole gumba. Ufa mmoja usiozidi sentimita 15 bado kuna wanaouziba, lakini mimi ufa wowote uliofika ukingoni siuzibi, maana ukingoni kioo kina mkazo mwingi na gundi pale haishiki kwa muda mrefu. Kisha kaa kwenye kiti cha dereva. Donda likiwa mbele ya macho yako, fikiri mara mbili hata kama ni dogo: kuziba hurudisha nguvu, hakufuti alama. Hubaki kidoa kama tone la maji lililokauka, na usiku, ukipishana na lori lenye taa kali, kidoa hicho kinatawanya mwanga. Waingereza wanapokagua magari hawakubali dosari inayozidi milimita 10 katika ukanda wa milimita 290 ulionyooka na usukani, wakati sehemu nyingine inayofagiwa na waipa wanaruhusu mpaka 40. Naona kipimo hicho kina akili.

Halafu kuna vumbi letu. Donda jipya linang'aa kama fedha kwa sababu ya hewa iliyomo. Likigeuka kahawia, vumbi limeingia na gundi haitafika mwisho wa miguu. Kwa hiyo siku ileile bandika selotepu safi juu yake, usilioshe, na usiguse supagluu. Supagluu inaziba mdomo wa donda tu, ndani hewa inabaki, na fundi akija baadaye hana pa kupitishia gundi yake.

Haya yote niliyafanya. Selotepu ilikuwapo mpaka dukani.

Ilikuwa mwezi wa sita mwishoni, au wa saba, kile kipindi ambacho asubuhi Dodoma unavaa sweta na saa saba mchana bonati haigusiki. Gari lilikuwa limesimama juani tangu asubuhi. Nikamwambia kijana aliyenipokea kwamba kioo ni cha moto, tulisogeze kivulini, tusubiri kidogo. Akaniangalia.

"Dada, wewe umeleta gari au umekuja kunifundisha kazi? Kaa kwenye benchi, hii ni dakika kumi."

Akabandua selotepu. Akachota maji ya ndoo kwa kopo, akamwaga kuanzia juu, "nitoe vumbi kwanza." Nilisikia mlio mdogo, tik, kama ukucha ukigonga bilauri. Mguu mmoja wa nyota ukaanza kutembea. Haukukimbia. Ulikwenda polepole, ukapinda kidogo, ukasimama, ukaendelea, na maji yakiufuata, mpaka ukaingia chini ya mpira wa pembeni. Kama sekunde tano hivi. Yule kijana alikuwa bado ameshika kopo.

"Kioo chako kilishachoka," akasema. Wala pole hakuna.

Hakikuchoka. Kioo kikipata moto kinatanuka. Ukimwaga maji baridi, uso wa nje unasinyaa ghafla wakati ndani bado umetanuka, na uso unaosinyaa unavutwa pande zote. Kioo kizima kwa kawaida kinavumilia. Kioo chenye donda hakivumilii, kwa sababu mvuto wote unakusanyika kwenye ncha ya mguu wa ufa, ncha nyembamba kuliko unywele. Ndiyo sababu hiyohiyo hupaswi kuwasha kiyoyozi kikali kielekee kioo chenye donda ukitoka juani, wala hewa ya moto asubuhi ya baridi. Fundi wa vioo asiyelijua hili katika mji wenye jua kama la Dodoma anafanya kazi gani?

Na hata bila maji, kuziba juani ni kosa. Gundi ya kuziba inagandishwa na miale ya UV, na jua limejaa miale hiyo. Ukiiweka juani inaanza kuganda mdomoni kabla haijafika kwenye miguu. Kazi inayofaa inakwenda hivi: gari kivulini mpaka kioo kipoe chenyewe, ukikiwekea kiganja kisikuunguze. Vipande vilivyolegea vinachokolewa kwa sindano ngumu. Kile kifaa chenye vikombe vya mpira kinang'ang'anizwa kwenye kioo, bomba lake likiwa juu ya donda kabisa, matone machache ya gundi, kisha kuvuta hewa dakika kadhaa, kusukuma gundi dakika kadhaa, kuvuta tena. Mtu aingie ndani atazame miguu. Ile rangi ya fedha inapotea mguu mmoja mmoja. Mguu ukibaki unang'aa, kazi haijaisha, na fundi asiwashe bado taa ya kugandishia gundi. Ikijaa yote, tone zito zaidi juu, kikaratasi cha plastiki, taa ya UV dakika tano hivi, kisha wembe ulioshikwa wima kukwangua kilichozidi. Nusu saa, tena ni ya mtu asiye na papara. Hakuna dakika kumi.

Basi, kioo kikawa cha kubadilishwa. Nilitaka kuondoka, lakini ufa umefika ukingoni na barabara ya kurudi ina matuta, nikabaki. Hapa ndipo ninapopata shida na hukumu yangu, kwa sababu aliyekuja kubadilisha alikuwa mzee mwingine kabisa, na yule mzee anajua kazi.

Walitaka kwanza kunipa kioo cha mtumba, kilichotolewa kwenye gari la kukatwa. Mzee mwenyewe alinionyesha kwa nini nisichukue: alipitisha kidole kwenye ukingo mzima, akasimama sehemu moja, kulikuwa na kimeguko kidogo kama punje ya mchele. Hapo ndipo ufa mwingine ungeanzia. Nikachukua kipya. Alikata gundi ya zamani kwa waya, akaacha utando wa milimita moja au mbili hivi kwenye fremu bila kuifikisha kwenye bati, kwa sababu gundi mpya hushika vizuri zaidi juu ya ile ya zamani. Sehemu mbili ambako waya ulichubua rangi alipaka praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga bati, akaisubiri ikauke. Ukiona fundi anaruka hatua hiyo, hesabu kutu baada ya masika mawili, na maji miguuni pa abiria. Alitumia gundi ya poliurethani, siyo silikoni ya madirisha ya nyumba ambayo wengi wanaipaka kwa kuwa ni rahisi. Silikoni haibebi. Kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria unapofumuka huegemea kioo cha mbele, na gari likibiringika kioo hicho husaidia kushikilia paa. Kikishikwa na silikoni kinaweza kuruka nje.

Kwa hiyo nilikuwa nimeanza kusema duka ni zuri, tatizo ni kijana mmoja. Karibu nibaki na neno hilo. Lakini bosi wao akataka niondoe gari baada ya nusu saa, "gundi imeshakauka." Gundi ile inagandishwa na unyevu wa hewani. Kiangazi cha Dodoma hewa ni kavu, inachelewa. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye tyubu, na hakutaka kunionyesha tyubu. Mzee aliinamisha kichwa, hakusema kitu, lakini alipopita karibu yangu alisema taratibu, "Liache lilale, mama." Nililiacha mpaka kesho yake, dirisha moja wazi kidogo ili mlango ukifungwa hewa isisukume kioo.

Kioo kimekaa vizuri. Hakivuji, hakipigi mluzi kwenye mwendo. Mwenye Subaru ya EyeSight, ule mfumo wa kamera zinazotazama barabara, au gari lolote lenye kamera nyuma ya kioo cha mbele aulize kwanza nani atazipanga upya kamera baada ya kubadilisha, na mwenye bima kubwa asome kipengele cha kioo kabla ya kulipa. Bima ndogo hailipi kioo chako.

Ukiwa na kioo cha kubadilisha, nenda, lakini uliza yule mzee kama yupo, na kama hayupo rudi siku nyingine. Ukiwa na donda la kuziba, usiende. Nilirudi mara mbili kudai Sh 40,000 niliyolipa mapema ya kuziba, kazi ambayo haikufanyika hata tone moja. Mara ya pili yule kijana alikuwa nje, anaosha kioo cha gari lingine. Saa nane mchana. Kopo lilelile.